Mwalimu wa Mikono Amehamia Kisinga

Jumatatu, 3 Februari 2025

Shule imefunguliwa. Nimevaa suti ya buluu, nikasimama langoni kupokea wanafunzi. Nikasimama. Nikasimama tena. Jua lilipofika utosini, watoto walikuwa kumi na tisa. Mwaka jana, siku kama hii, thelathini na wawili!

Walimu nao wamepukutika. Tulikuwa watano. Sasa niko mimi, Bulandina, kaimu mkuu. Yuko Gidioni, aliyekuwa jeshini kabla ya kushika chaki na hadi leo watu humwita Afande. Na binti mmoja aliye kwenye likizo ya uzazi. Ndio sisi, shule nzima ya watoto viziwi, hapa Bwera.

Achille hayupo. Wakati wa Krismasi alihamia Kisinga, kwenye shule mpya ya Madam Phionah, yenye vigae sakafuni. Achille mwenyewe ni kiziwi, mzaliwa wa Butembo, na sijaona mwalimu anayezungumza na mtoto kwa mikono kama yeye. Wazazi wengi wamemfuata huko na watoto wao.

Namkosa. Kikazi tu. Leo nimepita mbele ya darasa lake mara nyingi bila shughuli. Ubaoni bado kuna mbuzi aliyemchora siku yake ya mwisho. Nimekataza asifutwe. Nimemwambia Gidioni kwamba ni kifaa cha kufundishia.

Jioni, simu kutoka Kasese. Bwana Davis wa idara ya elimu anakuja Ijumaa kuhesabu watoto. Wakiwa chini ya ishirini na watano, watapelekwa Kisinga, na sisi tutatawanywa kwenye shule za kawaida. Nikamwambia watoto hawaji kwa sababu walimu hawatoshi. Akasema walimu hawaletwi kwa sababu watoto hawatoshi. Nikamuuliza basi nani aanze. Akasema kazi yake yeye ni kuhesabu vichwa.

Watoto wangu kwa Phionah! Afadhali nikalime pamba Karusandara.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya soko Mpondwe. Mpango: kuitangaza shule. Nimeazima kipaza sauti cha kanisa. Gidioni akauliza kama hicho ndicho chombo cha kuwatafutia viziwi. Nikamjibu kwamba wazazi wao wanasikia. Hana maono, yule.

Nikasimama kati ya magunia ya kahawa, nikanguruma. Watu wakadhani nauza dawa ya minyoo. Mzee mmoja akaagiza chupa mbili na hakutaka kuondoka bila hizo.

Kisha akaja Mama Elise, anayevuka mpaka kutoka Kasindi kuuza vitenge. Ana binti kiziwi, Rachelle, ambaye hajawahi kukanyaga darasani. Alinishika mkono, akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Mama Direktrisi, ule mwalimu wa mikono angali iko?"

Nilitaka kusema hapana. Mungu ni shahidi. Lakini alivyonitazama!

"Iko," nikasema.

"Achille yenyewe?"

"Achille yenyewe."

Akaacha vitenge vyake palepale, akakimbia kuwaambia wenzake. Punde si punde nilikuwa nimezungukwa na akina mama. Watoto saba wataletwa Ijumaa. Kumi na tisa na saba! Tumevuka! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Nilipokuwa navua viatu ndipo nikakumbuka kwamba Achille yuko Kisinga.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda Kisinga kwa boda boda, na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu wa Katwe mapajani. Ndicho chakula anachokipenda. Mpango: kumwona faraghani na kumrudisha.

Tatizo dogo. Lugha ya ishara siijui. Kwa miaka mitatu Achille alikuwa akitufundisha sisi walimu kila Jumatano baada ya masomo. Nilihudhuria mara moja. Siku nyingine nilikuwa na vikao. Kwa hiyo leo aliyetutafsiria ni nani? Phionah! Ofisini kwake, viatu vyangu vikiteleza juu ya vigae vyake! Utamwibiaje mtu mwalimu wake kwa kutumia mdomo wa mwenye mali?

Nikamwomba amwambie kwamba Bwera wanamsalimu. Phionah akasema kwa mikono. Vidole vyake vinakwenda upesi, kama vya msusi. Nikaongeza kwamba hewa ya Bwera mwaka huu ni nzuri ajabu. Akatafsiri. Nikamkonyeza Achille, ajue kuna maana nyingine ndani. Phionah akaniuliza kama jicho limeingia vumbi.

Achille amekonda. Ana shati jipya. Nani amemchagulia?

Akauliza kitu. Phionah akasema anataka kujua kama nimejifunza ishara. Nikajibu kwamba nimejifunza sana. Uso wa Achille ukang'aa! Akamwashiria Phionah atulie, akaniuliza moja kwa moja kwa mikono. Nami nikamjibu kwa ishara ninayoijua vizuri. Akacheka hadi akashika meza. Kumbe ameuliza watoto wa Bwera wanaendeleaje, na mimi nimemwambia uji umeiva.

Halafu akaacha kucheka. Mikono yake ikaenda taratibu. Phionah alitafsiri akiwa anatazama dirishani, si mimi.

"Anasema, miaka mitatu nilikula na nyinyi meza moja. Mlikuwa mnaongea, mnacheka. Mimi nilikuwa natazama midomo. Mkicheka, na mimi nacheka, nisionekane niko peke yangu. Hapa hata mpishi ananiuliza nimelalaje. Fundisheni mikono yenu, nitakuja. Hata kesho."

Nikaisukuma sufuria kwake. Akafunua, akanusa, akafumba macho kwa muda. Nikatamani asiyafumbue upesi, nimtazame vizuri.

Njiani mwenye boda boda alinikemea nishike chuma. Mikono yangu ilikuwa hewani, inajaribu. Nimeyapima maneno yake yote kutoka Kisinga hadi nyumbani, na sasa nimemwelewa Achille barabara.

Anataka vigae.

Alhamisi, 6 Februari

Vigae havipatikani kabla ya kesho. Mpango mpya: Gidioni awe Achille. Siku moja tu. Afunge mdomo, achezeshe mikono. Wengi wa akina mama wale wamemsikia Achille kwa sifa tu, hawajamwona.

Gidioni akakataa. Nikamwambia hiyo ni amri. Akajibu kwamba amri anazijua, na hii si amri, ni aibu. Nikamkumbusha kwamba shule ikifungwa huenda akapangiwa kufundisha chekechea Hima, nyimbo za vipepeo kila asubuhi. Akapiga saluti.

Nikamuuliza anajua ishara zipi. Akasema za doria tu: simama, lala chini, adui yuko mbele, nifuateni. Nikasema zinatosha.

Jioni nikaingia darasani kwa Achille kukagua usafi. Mvua ikashuka kutoka milimani, ikapiga mabati. Mvua ikinyesha, yeye alikuwa na desturi ya kuweka kiganja ukutani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Leo nimeweka changu. Ukuta unatetemeka! Kumbe alikuwa anaisikia. Nimesimama hivyo hadi ilipokatika.

Ijumaa, 7 Februari

Akina mama wamekuja, wote. Davis amekuja. Amehesabu watoto mara mbili: ishirini na sita! Nilikuwa karibu kupiga vigelegele. Kisha akasema angependa kumwona huyo mwalimu anayesifiwa.

Akaingia Gidioni, tai shingoni, kimya kama kaburi. Rachelle, katika gauni jipya la kitenge, akamwendea akajigusa kifua, akamwonyesha mama yake, akafanya alama zake za nyumbani. Alikuwa anajitambulisha, maskini. Gidioni akatoka jasho. Mikono yake ikafanya ishara ya kwanza iliyokuja: lala chini.

Watoto wangu kumi na tisa hucheza mchezo huo naye kila mapumziko. Wakajitupa sakafuni kwa pamoja. Wageni wakafuata. Na Rachelle na gauni lake. Gidioni alipoona hivyo akachanganyikiwa zaidi, akatoa ya pili: adui yuko mbele. Wakaanza kutambaa kumwelekea Bwana Davis. Davis akapanda juu ya benchi.

"Huyu hapana Achille!" Mama Elise akapaza sauti. "Achille iko murefu, na haina tumbo! Mama Direktrisi, ulinidanganya mu soko, mbele ya batu?"

Akamwendea binti yake amwinue, waondoke. Lakini Rachelle hakutaka kuinuka. Alikuwa amelala kati ya watoto wawili, anacheka. Mama yake akabaki ameinama hivyo, mkono hewani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kumwona akicheka na mutoto mwingine.

Hapo sakafu ikapigwa kishindo. Watoto wakaisikia tumboni, wakageuka wote. Mlangoni amesimama Achille mwenyewe! Nyuma yake Phionah. Kumbe habari ilifika Kisinga, na wazazi wa huko walikuwa wanamuuliza Achille ni lini amerudi Bwera. Amekuja kumwona huyo Achille wa pili.

Hakunikasirikia. Alimwinua Rachelle, akamkung'uta vumbi, akamtazama kwa makini, kisha akampa jina: kidole kinachogusa shavu, pale kwenye kishimo cha kicheko. Mtoto akalirudia. Akazunguka darasa zima akijionyesha kwa kila mtu, jina lake, jina lake. Mama Elise akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa kitenge.

Davis akashuka, akanivuta pembeni.

"Madam, hii ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni somo la majaribio.

Achille akazungumza, Phionah akatafsiri. Atakuja Bwera kila Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ni ya watoto. Jumamosi ni ya walimu, mkuu wa shule akiwa wa kwanza. Na Phionah amekubali! Anasema watoto ni watoto, wawe Kisinga au Bwera. Hila yake sijaiona bado, lakini lazima iko.

Davis akasema tuendelee muhula huu. Atarudi kabla ya Pasaka. Akikuta Achille bado anahitaji mtu wa kumtafsiria katika shule hii, anaifunga.

Jumamosi, 8 Februari

Darasa la kwanza la walimu limefanyika. Sikuhudhuria. Nilikuwa naandaa mkakati wa kumrudisha Achille moja kwa moja, na mkakati unahitaji utulivu. Lakini niliwaona kupitia dirisha. Gidioni tayari anaweza kusema amelala vizuri. Mama Elise alikuwepo na binti yake, wanaulizana majina ya vitu, wanagombania kikombe. Mbele kulikuwa na kiti kitupu. Achille alikionyesha, akanitazama. Nikainua mafaili juu, aone nina kazi.

Walipotawanyika akaja mlangoni kwangu. Akasema jambo kwa mikono, polepole, kisha akalirudia. Mwishoni aliweka kiganja kifuani, akasubiri. Lilikuwa jambo refu. Zuri pia, nadhani. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uhakika, kama inavyompasa mkuu wa shule. Akasubiri kidogo zaidi. Akatabasamu, akaenda zake.

Alisema nini? Gidioni alikuwa ameondoka. Na yapo mambo ambayo mtu hawezi kumuuliza Phionah! Nimesimama mbele ya kioo nikijaribu kuyarudia. Mwanzo ninao. Mwisho ninao. Katikati pamepotea.

Lakini ufumbuzi umepatikana. Karusandara kuna mwalimu anayeitwa Resty, hodari wa ishara, ambaye amechoka na shule yake kwa sababu mkuu wake hataki kujifunza. Nitamchukua! Atakaa ofisini kwangu, anitafsirie kila neno la Achille. Nimempigia simu sasa hivi. Ameuliza jambo moja tu: mkuu wa Bwera naye yukoje?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mkuu wa Bwera anazungumza kwa mikono tangu zamani.