Binti Yangu wa Wastani Atolewe Darasa la Bisibisi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salaam kwako na kwa walimu wako wote, hata yule wa zamu anayetufungia geti sisi wazazi. Niwie radhi kwa mwandiko, leo naandikia gotini. Ila muda ninao wa kutosha, wala sina pa kwenda.

Binti yangu ni yule wa ishirini na mbili kati ya wanafunzi arobaini na wanne, mwaka wa tatu huu, hapandi hashuki. Nilikuja kwako kuomba masomo ya ziada. Ukamtia darasa la alasiri, lile la wanafunzi wa wastani, wafundishwe mambo ya kuwafikisha mbali maishani. Nikadhani ni hesabu. Kumbe bisibisi! Naomba atolewe mara moja, kwa sababu hizi:

1. Amenivunjia heshima. Bomba la jikoni lilivuja miaka miwili, na muda wote huo nilikuwa nikilieleza vizuri sana: msukumo wa maji, mpira uliochakaa, kila kitu. Mke wangu alikuwa akinisikiliza huku akibadilisha ndoo. Binti kalitengeneza kwa dakika kumi. Siku hizi nikianza kueleza jambo, mama yake anamtafuta yeye kwa macho.

2. Anafundishwa kuuliza asichokijua. Mwanafunzi bora haulizi, Mwalimu. Mimi nilikuwa wa kwanza miaka saba mfululizo, na sikunyoosha mkono ila kujibu. Ndiyo maana mpaka leo kazini sijui mashine ya kunakili inawashwa wapi, na heshima yangu iko palepale. Kiti changu nacho kiko palepale, mwaka wa kumi na tisa.

3. Anafundishwa kuzungumza na watu. Bosi wangu alipita nyumbani kuchukua faili. Mimi nikanyamaza kwa adabu, kama nilivyofunzwa. Binti akamkaribisha, akamuuliza hali ya mgongo, akamshonea mkanda wa begi uliokatika. Bosi akacheka mpaka akavua miwani. Mimi hajawahi kunichekea hata kidogo. Na huyo bosi, kwa taarifa yako, tulisoma darasa moja. Alikuwa wa ishirini na tano!

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Vyeti vyangu vilikaa sandukuni miaka yote kwa kuwa sijui kupigilia msumari. Juzi nimerudi kazini nikavikuta vyote ukutani sebuleni, vimenyooka kama rula. Kavitundika mtoto wa ishirini na mbili. Wageni wakija wanasifu misumari.

Basi naomba arudishwe kwenye elimu yenyewe. Afundishwe kukariri, kuogopa kukosea, na kukaa kitako akisubiri kuitwa jina, kama baba yake. Hawa wa wastani wakijua kila kitu, sisi wa kwanza tutamweleza nani?

Nisalimie walimu, mhasibu, mpishi na mlinzi, kila mmoja kwa cheo chake.

Mimi mzazi mwenye uchungu,
Wa Kwanza Darasani, Miaka Saba Mfululizo

Nyongeza: Tafadhali usimtoe leo. Barua hii naipenyeza chini ya mlango wa bafu. Kitasa kimegoma tangu saa kumi na mbili asubuhi, binti akiwa keshatoka kuja shuleni, nami nimo ndani. Nimemweleza mke wangu kwa saa nzima, kupitia tundu la ufunguo, jinsi kitasa kinavyofanya kazi, naye ameenda kuvaa viatu aje kwako. Mruhusu binti arudi naye, pamoja na ile bisibisi ndogo. Kama somo la vitasa hamjalifikia, nakuomba sana, Mwalimu, mlianze sasa hivi.