Malalamiko Kuhusu Mke Wangu Kufundishwa Kukasirika

Kwa Mwalimu wa Darasa la Hasira,
Ukumbi wa Zahanati.

Mwalimu Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, maana mimi si mzima sana. Ni fundi saa, mume wa yule fundi cherehani anayekuja darasani kwako kila Jumatano. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia ulichomfanyia.

1. Kwa miaka kumi na tisa mke wangu alikasirika kistaarabu, yaani kwa sufuria. Zikianza kugongana jikoni, nilivaa viatu nikaenda kwa jirani mpaka zitulie. Siku hizi anavuta kiti, anashusha pumzi, ananiambia: "Baba Pacha, nimekasirika. Umewaahidi wageni kuwa nitawashonea, na hukuniuliza." Basi. Kosa moja tu, Mwalimu. Mimi nimezoea kusomewa makosa kumi, nikanushe tisa, la kumi lipotelee humo humo. Hili moja nitalificha wapi?

2. Hanuni tena. Zamani akinuna nilipata wiki nzima ya kusikiliza mpira kwa amani. Sasa akishasema, nami nikishaomba radhi, ananiuliza kama nataka chai. Hasira gani hiyo isiyokaa hata siku mbili?

3. Hasira hiyo ameipeleka hadi kiwanda cha nguo anakofanya kazi. Msimamizi wao alimtupia mezani mashati arobaini yaliyoshonwa kombo na zamu nyingine, akamwita mzembe. Mke wangu akasimama. Mwenyewe kaniambia sauti haikupanda: "Nimekasirika. Kosa si langu, na jina hilo si langu." Cherehani zikanyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka msimamizi akaomba radhi. Jana alinisimamisha njiani kuniuliza ninaishije na mtu huyu. Tulishikana mikono kama wafiwa.

4. Hili ndilo zito. Nilimwita mama yangu mzazi aje amkanye mkwewe. Wakajifungia chumbani saa nzima. Mama alipotoka akavuta kiti, akashusha pumzi. "Mwanangu, nimekasirika. Marehemu baba yako aliuza cherehani yangu bila kuniuliza, nami nikameza miaka arobaini." Marehemu hayupo, Mwalimu, kwa hiyo nikaomba radhi mimi. Mama akalia, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akala sahani mbili. Sijawahi kumwona akila sahani mbili.

Kwa hayo, naomba darasa lifungwe. Ikishindikana, basi wanafunzi wako watoe taarifa ya maandishi siku mbili kabla ya kukasirika, ili sisi waume tujiandae.

Nisalimie wanafunzi wote, mlinzi wa zahanati, na mumeo kama unaye. Huyo mpe na pole.

Wako niliyeishiwa pa kukimbilia,
Fundi Saa

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha dada yangu mdogo akaingia. Mumewe humfokea mbele ya watoto, naye hutabasamu tu, huku akikunja na kukunjua upindo wa gauni. Nimemuuliza kama amekasirika, akasema hajui. Tafadhali usifunge darasa. Jumatano nitamleta mwenyewe. Akikaa kimya siku ya kwanza, Mwalimu, usimkatie tamaa.