Tao, Gunia na Shemeji Johana

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo nimeanza kazi ya maisha yangu. Mimi, Irungu, nitawafundisha wakulima wa Boito falsafa ya Tao. Ni ya Wachina wa kale, nimeisoma kwenye simu tangu Krismasi. Tao maana yake ni Njia: dunia ina mwendo wake, usiulazimishe. Rahisi! Nimeandika kijitabu kinono nikakipiga fotokopi Bomet.

Darasa langu ni kituo cha chai. Tukishachuma tunapeleka majani pale, karani anayakagua na kuyapima, halafu tunangoja lori la kiwanda. Lori halina haraka na watu hawana pa kukimbilia. Nikapanda juu ya kreti nikasoma sura ya kwanza, "Dhana ya Kutolazimisha katika Muktadha wa Kiontolojia". Mzee Kiplangat aliuliza kama hiyo ni habari ya bonasi ya chai. Nikasema sivyo. Akalala.

Jumanne, 11 Machi

Msiba! Jana jioni shemeji yangu Johana, kaka yake mke wangu, alikuja kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na nikamweleza Tao yote. Leo kituoni amewaeleza watu kwa maneno machache tu. Alisema chai haing'olewi. Ukiivuta unapata vijiti, na karani anakurudishia. Ukiishika pale inapopenda kukatika, inakatika yenyewe. Ndiyo hiyo Tao, akasema, hata kwa ng'ombe, hata kwa mke. Mellen, mchumaji mwenzetu, akauliza, na kwa mama mkwe je? Kituo kizima kikaangua kicheko. Kiplangat hakulala! Chepkirui, mke wangu mwenyewe, alifuta machozi kwa kucheka. Mimi hajanichekea hivyo tangu binti yetu Joan akiwa nasari, na Joan sasa yuko chuo.

Niandike wazi, maana hapa hakuna anayesoma: wivu unanila. Nimekosa hata hamu ya ugali. Ile Tao ni yangu!

Jumatano, 12 Machi

Habari kubwa. Lynn, mtayarishaji wa vipindi katika redio moja ya Bomet, amesikia kuna mtu huku anayeeleza falsafa ikaeleweka. Anakuja Ijumaa kumtafuta. Atampa kipindi kila wiki, asubuhi, wakati kila jikoni redio imewashwa. Hata jikoni kwangu. Chepkirui akinisikia mle, atanitazama vingine. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Basi, ili asiwepo, nimemwambia Johana kwamba Ijumaa kuna mnada wa ng'ombe Sigowet, wa kukata na shoka. Akanishukuru sana, kongoi shemeji. Lakini akasema haendi, ng'ombe wake akiwepo watakutana tu. Ananipiga kwa Tao yangu mwenyewe!

Alhamisi, 13 Machi

Mpango mpya. Lazima nifike kabla ya Johana, na chai nyingi, ili Lynn aone mkulima kamili. Nimechuma kutwa nzima na Mongina, jirani yetu. Nimepata magunia manne. Bodaboda haiwezi kubeba manne kwa safari moja, na nikirudia safari ya pili Johana atanitangulia. Nikayashindilia yakawa mawili. Nilipanda juu nikakanyaga kama anayekandika nyumba.

Chepkirui alisema, Baba Joan, hayo majani yanataka hewa, yamwage sakafuni yalale vizuri, ama yataungua. Nikamjibu kwamba mtu wa Tao hababaishwi na mambo madogo.

Ijumaa, 14 Machi

Nilifika wa kwanza. Lynn alikuja na kinasa sauti. Nilipanda kreti nikamwambia siri ya maisha ni kutolazimisha chochote. Wakati huohuo karani akafungua gunia langu.

Mvuke! Majani mekundu, ya moto, yananuka kama sileji ya ng'ombe iliyochacha. Karani aliingiza mkono akautoa mbio. Akayakataa yote. Lynn akauliza kuna nini.

Ndipo Johana akafika, wa mwisho, kikapu begani, majani yamelala legelege, mabichi kabisa. Akatazama gunia langu, akanishika bega. Akamwambia Lynn kwamba shemeji amejitolea chai yake ili watu waone: ukishindilia unapata moto, ukiacha hewa unapata chai. Akaongeza kwamba yote amefundishwa na mimi. Watu wakanipigia makofi. Mimi! Kichwa kilikuwa kinaanza kuvimba wakati Lynn alipompa Johana kipindi.

Jumapili, 16 Machi

Johana amepita baada ya kanisa. Anasema Lynn amekubali tuwe wawili. Ati njoo tukae pamoja shemeji, wewe unaijua, mimi naisema tu. Nikasema nitafikiria. Sitafikiria! Niwe mkia wa Johana?

Jumatatu, 17 Machi

Ajabu. Mchana Chepkirui alikuwa anakamua, ng'ombe akazuia maziwa. Chepkirui akavuta, ng'ombe akapiga teke. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango tu, nimenuna. Nikamwambia bila kufikiri: mwache kidogo, mpe majani, mwimbie, atashusha mwenyewe. Akaimba. Maziwa yakashuka hadi povu.

Akaniuliza, kwani hiyo ndiyo Tao? Nikasema ndiyo. Akacheka, kile kicheko chenyewe! Akasema mbona sisemi hivyo kituoni, hii ni tamu kuliko ya kaka yake. Kesho Lynn anakuja kumrekodi Johana. Niende tu, niseme hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Tamu kuliko ya Johana! Nimelipokea vizuri sana shauri hilo, nikaliboresha. Nimeshaandika sura nzima, "Nadharia ya Kiwele", na nyuma yake faharasa ya istilahi. Nitaisoma yote, mwanzo hadi mwisho, kabla Johana hajafungua mdomo.

Ila lazima nitangulie. Nimerudi shambani nikachuma mpaka giza likaingia. Majani yako mlangoni. Safari hii nimeyakanyaga vizuri zaidi, na yote yameingia katika gunia moja.