Mti wa Mama Mkwe na Mitungi Saba

Jumapili, 5 Januari

Nimeuhamisha! Mti wa mai wa marehemu mama mkwe, ule wa maua ya manjano ya mwaka mpya, sasa umesimama langoni kwangu. Mimi na jembe tangu alfajiri, mgongo hauna kazi tena. Shukrani? Hakuna. Mke wangu Diệp ametoka jikoni, akautazama, akauliza nani kanituma. Eti kiwanja cha mama yake kimeuzwa, sawa, lakini mnunuzi katupa muda hadi Juni, na tulikubaliana tuung'oe mvua zikianza. Mama yake aliupanda siku Diệp alipozaliwa. Akasema mti ukifa kabla ya kumbukumbu ya kifo cha mama, mwezi wa tatu, nisikanyage mkekani pake kula.

Mvua zikianza! Mvua huanza mwezi wa tano. Sikukuu ya Tết, mwaka mpya wetu, ni tarehe 25 mwezi huu. Miaka tisa watu wanapita lango langu kama wanapita choo, wanakwenda kusimama kwa jirani Sáu wapige picha na mai yake ya manjano. Mwaka huu watasimama kwangu.

Jumanne, 7 Januari

Sáu kaja, mikono mgongoni, kama mkaguzi. Kasema, mdogo wangu, mti uliohamishwa ni mgonjwa. Uwekee kivuli cha makuti, unyweshe maji ya mvua kidogo kidogo, na mwaka huu usiuguse majani. Maua yasubiri.

Nimetabasamu, moyoni nachemka. Hapa Bến Tre hata mtoto anajua: mai usiponyonyolewa majani mwezi mpevu wa mwisho kabla ya Tết, hauchanui siku yenyewe. Anataka nibaki na kijani kitupu. Na hayo makuti, nikiufunika mti, nani atauona?

Alhamisi, 9 Januari

Mwezi mpevu. Nimenyonyoa. Jani kwa jani, juu mpaka chini, vidole vimekuwa vyeusi. Na ng'ambo ya uzio nani namwona juu ya ngazi? Sáu, ananyonyoa wake! Nikamuuliza vipi tena. Akajibu kwa upole wake ule unaoudhi kwamba wake una miaka thelathini palepale, mizizi imeshakaa.

Diệp karudi sokoni, kakuta fito tupu. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akasema, "Baba Nhàn, umemvua mgonjwa shuka." Nilikasirika hata samaki akapoa kwenye sahani.

Jumamosi, 11 Januari

Chumvi imefika. Kila kiangazi bahari hupanda mtoni, lakini mwaka huu imewahi. Nimeonja maji ya mfereji: unaweza kupikia mchuzi usitie chumvi. Maji ya bomba nayo ni yaleyale. Tumebaki na maji ya mvua, mitungi saba nyuma ya nyumba, ya kunywa mpaka mwezi wa tano.

Diệp kasema mti upewe kata tatu kwa siku. Kata tatu! Huo ni mti, si kuku. Alipokwenda kwa dada yake nilichota ndoo mbili kwenye mtungi wa mwisho, ule wa pembeni.

Jumatatu, 13 Januari

Kikulacho ki nguoni mwako. Diệp kachora mstari wa mkaa ndani ya kila mtungi, usawa wa maji. Mke wangu, nyumbani kwangu, ananipimia maji!

Lakini mimi si mtoto wa jana. Kila nikichota ndoo mtungini, narudishia ndoo ya mfereji. Maji hayajashuka chini ya mstari hata unywele. Nimejipongeza kwa sigara mbili.

Ijumaa, 17 Januari

Leo Mungu wa Jiko anapanda mbinguni kupeleka habari za kila nyumba. Nimemwekea peremende za karanga mara mbili ya kawaida, asije akazitaja ndoo. Kumbe wa kuogopwa alikuwa mwingine.

Sáu kaja kutusalimu. Diệp kachemsha chai. Maji kachota wapi? Mtungi wa pembeni. Sáu kapiga funda moja, kameza kwa heshima, kisha kauliza taratibu kama siku hizi chai ya nyumba hii inaungwa. Diệp kaonja. Kaenda nyuma, kaonja mitungi yote saba. Karudi na swali moja: mti nimekuwa nikiunywesha kutoka mtungi upi?

Nikafungua mdomo. Ndipo nilipoona. Siku nne natia maji ya mfereji mule, na siku nne nachota mulemule naupelekea mti.

Kosa la Sáu. Asingekuja kunywa chai, leo tungekula kwa amani.

Jumatano, 22 Januari

Matumba yote ya maua yamekauka. Ukiyagusa, yanadondoka. Na Tết imebakiza siku tatu tu! Diệp hasemi nami, anasema na mti. Anauomba radhi kwa niaba yangu, wala sikumtuma.

Nimepanda pikipiki hadi mjini. Maua ya plastiki, manjano safi, mafungu kumi na mawili, na waya.

Jumamosi, 25 Januari, Tết

Walisimama! Naapa walisimama. Familia nzima ilipiga picha langoni kwangu, nami pembeni na shati jipya. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu.

Kisha akaingia shemeji, mgeni wetu wa kwanza wa mwaka. Akamwashia mama yake ubani, akatoka kuushika mti wake. Ua likabaki mkononi, na kibandiko cha duka chini yake. Akamtazama dada yake. Diệp akalia. Siku ya kwanza ya mwaka, siku ambayo hata kufagia ni mwiko, mke wangu analia mbele ya wageni. Bora angenitukana, ningejua la kujibu.

Sáu akaruka uzio. Akakwangua gome kwa ukucha: ndani bado kijani. Akaleta madumu mawili ya maji yake ya mvua, yeye na shemeji wakausimikia makuti, wakang'oa maua yangu yote. Mti wangu! Nani alimwita?

Jumapili, 1 Machi

Umechipua. Majani saba. Diệp huyahesabu kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, kwa sauti, moja mpaka saba. Ameanza kusema nami tena. Jana kaniambia hataki ua. Kumbukumbu ni tarehe 20, anataka tu amwambie mama yake kwamba mti una majani.

Na mtaa mzima, Sáu hivi, Sáu vile. Maji ya Sáu, makuti ya Sáu. Shimo alichimba nani?

Nimefikiri sana. Majani ni nini? Kila mti una majani, hata wa jalalani. Mama mkwe anastahili maua. Tangu kunyonyoa hadi kuchanua ni siku kumi na sita, na zimebaki kumi na tisa. Diệp kaenda sokoni, Sáu kalala.

Nimenyonyoa sita. La saba nimeliacha, apate cha kuhesabu kesho.