Tangi la Kioo la Kibondo na Majani Yasiyoelea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chako kimefika kabla yako. Waheshimiwa wenyeviti, makatibu, wajumbe wa kamati na wajumbe wa kamati za kuzifuatilia kamati. Masheikh na mapadre. Ndugu wakulima wa Kitahana mliotembea tangu alfajiri, nawaamkia kwa Kiha: mwakeye. (Watu wanaitikia.) Mimi Tamimu, Mratibu Mkuu wa Projekti ya Tangi la Kioo, nimezaliwa na bahati shingoni kama hirizi: majina mia nne yaliingizwa kofiani kutafuta mtu wa kwenda Ulaya kusomea samaki, na mkono ulipotoka, ulitoka na langu. (Makofi. Mkewe, Bi. Asia, anakohoa na kutazama chini.)

Ndugu zangu, tangi hili lililoko mezani chini ya shuka ni bwawa lenye kuta za kioo, ili mwananchi aone kwa jicho lake mwenyewe jinsi majani ya majini yanavyomlea perege, na kwa takwimu za kiteknikali efisiensi yake imefikia asilimia mia moja na kumi na nne. (Bi. Mwajabu wa mkahawa anasimama. "Ndugu Tamimu, vile vioo vinne ulivyong'oa kwenye kabati langu la maandazi ulisema wiki mbili. Huu mwezi wa tano, nzi wanakula kabla ya wateja. Leo siondoki bila vioo vyangu." Watu wanaguna.)

Ahsante dada yangu, hoja yako inaangukia kwenye kipengele cha mwanga. Mwanga ukizidi huzaa mwani, na sisi katika awamu ya pailoti tuliwasha karabai muda wa saa kumi na nne kwa siku, maji yakawa kijani kama sombe la majani ya muhogo, perege tukawa tunamtafuta kwa kupapasa; ndipo nikaunda Kamati Ndogo ya Mwanga, ikapunguza hadi saa nane tu kwa siku, na mwani ukajiuzulu. (Kicheko.)

Ikafuata sera ya mizizi. Majani tuliyoyatoa mto Malagarasi tuliyachomeka mchangani jioni, asubuhi tukayakuta yanaelea miguu juu, maana perege ni mfukuaji asiye na nidhamu. Dawa yake, ndugu wananchi, ni kuchukua jiwe, kulaza shina juu yake bila kulifukia, kulifunga kwa uzi, kisha (anatazama kipande cha karatasi, anakigeuza, anakigeuza tena) kisha utaalamu unaendelea.

("Uendelee tukiuona," anasema Mzee Ntirampeba kutoka safu ya wakulima. Bi. Mwajabu anafunua shuka. Chini yake pana kasha la sabuni, tupu.)

Kwa kuhitimisha, kaulimbiu zetu: mwanga kwa kiasi. Shina jiweni. Namshukuru Bi. Mwajabu kwa moyo wa kujitolea. Vioo vyake ni vizima, viko dirishani chumbani kwangu, maana baridi ya huku na kifua cha Asia havipatani. Nitavitoa leo kwa mikono yangu, na dirisha nitaliziba kwa shuka hili.

("Asia anaumwa kifua, nawe ukanidanganya habari za samaki?" anasema Bi. Mwajabu. "Basi nirudishie viwili. Viwili mwachie.")

Ahsanteni kwa niaba ya tangi, ambalo halijawahi kuwepo. Na ile bahati ya kofiani ni uongo. Ulaya sijaiona. Nilifika Kasulu tu, hapo jirani, nikanunua karanga, na utaalamu wote huu ulikuwa kwenye karatasi waliyonifungia karanga hizo.