Uji wa Lubuto

Katika Lusaka nzima hapakuwa na mwanamume aliyejua watoto wachanga kama Makasa. Habari hizi zilitoka kwa Makasa mwenyewe, na mpaka leo hajapatikana mtu wa pili wa kuzithibitisha.

Kazi yake ilikuwa kuuza mitumba, upande wa nguo za watoto. Kwa maelezo yake, nusu ya mji ameivalisha yeye. Mtoto akipita kabebwa mgongoni, Makasa anamtupia jicho mara moja tu, halafu anatangaza: "Huyo miezi saba. Usiku anakohoa." Mama wa mtoto akibisha kwamba mwanawe ana mwaka na hajawahi kukohoa tangu azaliwe, Makasa anatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyerudishiwa dawa zake.

Wa kwake mwenyewe, Lubuto, alikuwa na miezi minane na meno mawili. Makasa hajawahi kukaa naye peke yake kwa muda unaozidi wa kuchemsha chai.

Lakini siku zile Makasa hakuwa akifikiria watoto. Alikuwa akifikiria vyungu.

Jumapili iliyokuwa inakuja, wakwe zake walikuwa wamekubali hatimaye kumwingiza ukweni. Kwao Wabemba mwanamume anaweza kuoa, akazaa, akaota kipara, lakini kama hajaingizwa, uso wa mama mkwe hauoni. Akikutana naye njiani, anachepuka. Akimkuta dukani, anageukia magunia ya unga na kuyasoma mpaka mama aondoke. Makasa alikuwa ameishi hivyo miaka miwili, kila mama mkwe alipokuja mjini kwa ndugu zake. Sura ya mama mkwe hakuijua, ila maandishi ya magunia ya unga aliyajua kwa moyo, na uzito, na tarehe ya kuharibika.

Siku ya kuingizwa, ukweni wanapika. Kuku, bata, kambare, viwavi wa kukaanga, maharage, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Kila chungu kinafunuliwa mbele ya mkwe na anaambiwa: hiki sasa ruhusa, kula. Makasa alikuwa ameviota vyungu hivyo mara nyingi hadi akajua kipi kina mfuniko uliopinda. Alishamwalika jirani yake Kabinga, fundi baiskeli.

"Njoo Jumapili jioni na sufuria," alimwambia. "Tupu. Kubwa."

Sharti lilikuwa moja tu. Mpaka siku hiyo ifike, asionane na mama mkwe uso kwa uso. Wakionana, hata kwa bahati mbaya, basi, shughuli imeharibika.

Jumamosi asubuhi mkewe, Namukolo, alikuwa anajiandaa kwenda kwenye kichen pati ya binamu yake. Alishanyoosha kitenge cha kumfungia mtoto, Makasa akamzuia.

"Mwache mtoto. Leo namtembeza mimi. Mtoto wa mjini lazima auone mji."

"Wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mama Lubuto, unazungumza na mtu aliyevalisha nusu ya Lusaka."

Kabinga, aliyekuwa ng'ambo ya ua na gurudumu mkononi, alikohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Hicho kikohozi ndicho kilichomaliza mjadala. Makasa alimchukua Lubuto, akamtupa mgongoni, akajifunga kitenge kifuani.

Namukolo akaleta mfuko wenye nepi na chupa ya uji wa karanga. "Sikiliza, Baba Lubuto. Uji uuonje kwanza, asije akaungua. La pili ndilo kubwa. Nenda kokote utakako, ila bustani ya Twikatane usikanyage, kwa sababu pati yetu iko hukohuko, na mama ndiye kungwi..."

Makasa wakati huo alikuwa kwenye ua anamwonyesha Kabinga kifua chake.

"Fundo hili halifundishwi, Kabinga. Mtu unazaliwa nalo."

"Umenisikia?" akauliza Namukolo.

"Nimesikia, mke wangu. Nionje."

"Na la pili?"

"Na la pili pia."

Wakatoka.

Kwanza alimpeleka Lubuto kuona tausi. Tausi akakunjua mkia wote, akauzungusha huku na huku, akafanya kila analojaliwa tausi kufanya. Lubuto alikuwa anatazama kipara cha mkata tiketi. Makasa akamgeuza. Lubuto akageuza shingo, akakirudia kipara, akakichekea kwa meno yote mawili.

"Ana akili," Makasa alimweleza mkata tiketi. "Vitu vya kawaida havimshughulishi."

Kisha wakaenda kwenye maduka makubwa, kwenye kale kagarimoshi kanakozungusha watoto. Kabla hakajaanza kutembea, Lubuto akasinzia. Tiketi imeshakatwa, kwa hiyo Makasa akazungushwa peke yake, magoti yakiwa usawa wa masikio, mtoto kalala mgongoni. Watoto wa watu walimpungia mkono. Naye akawapungia. Afanyeje?

Hata hivyo siku ilikuwa yake. Wanawake waliokutana naye walimtazama kwa macho ya kumshangilia. "Ona baba huyo," mmoja alimwambia mumewe, na mume akamtazama Makasa kama mtu anayetafuta jiwe. Makasa akazidi kutembea polepole ili aonekane na watu wengi zaidi.

Hapo ndipo alipoona kitambaa kimetundikwa juu ya geti: SIKU YA FAMILIA, KASRI LA KURUKIA, WATOTO BURE. Aliposoma neno la mwisho, miguu iliamua yenyewe. Jina la bustani lilikuwa limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Twikatane. Jina zuri, aliwaza. Sijui nani alinitajia leo.

Kasri lilikuwa la mpira, limejazwa upepo, na watoto walikuwa wakirukia ndani kama mahindi kwenye kikaango. Lubuto alilitazama, akapiga mwayo. Makasa akaketi majanini, akamshusha mapajani, akafungua chupa ya uji. Akakumbuka maagizo. Akaonja.

Ulikuwa moto kidogo.

Akapuliza, akaonja tena. Karanga zilikuwa zimesagwa laini, na sukari Namukolo hakuionea uchungu. Joto lilikuwa limepungua, lakini kwa mtoto huwezi kubahatisha. Akaonja kijiko cha kuhakikisha. Akaonja na cha kukihakikisha kile cha kuhakikisha. Lubuto alikuwa anafuata kijiko kwa macho, kikipanda, kikishuka, kikipanda, na kila kilipopanda alifungua mdomo.

Kijiko kikakwaruza chini.

Makasa akachungulia ndani ya chupa. Lubuto naye akachungulia. Wakatazamana.

Kilio kilichofuata kilisimamisha kasri. Watoto waliacha kuruka. Makasa akamrusharusha mwanawe, akamwimbia, akamwonyesha ndege. Akajaribu kumpa chupa tupu anuse, na hapo Lubuto ndipo alipopandisha sauti ambayo hata yeye mwenyewe ilimshtua, akanyamaza kidogo, akaipenda, akairudia.

Nyuma ya uzio wa matete kulikuwa na ngoma, moshi, na harufu ya chakula. Makasa akamfunga mtoto mgongoni na kukimbilia huko. Mlangoni alikuta dada mmoja mpana, kashika mwiko wa kusongea ugali.

"Wapi?"

"Ndani, dada yangu. Mtoto ana njaa."

"Hii kichen pati. Mwanamume haingii."

"Saa hii mimi si mwanamume, ni mzazi."

"Naona ndevu."

"Dada, naomba uji kidogo tu."

"Bibi harusi anafundwa humo. Mwanamume haruhusiwi kuona."

Makasa akafikiri. Kufikiri kwake siku zote kulikuwa kwa haraka, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake.

"Shida ni kuona, sivyo? Basi sitaona. Naingia kinyumenyume. Mtoto atangulie, mimi nifuate."

Dada akamtazama. Lubuto akaongeza sauti.

"Haya. Nyooka mpaka jikoni. Ukigeuka, huu mwiko ni wako."

Ndivyo Makasa alivyoingia kwenye kichen pati, makalio mbele. Ngoma zikasita. Halafu kicheko kikazuka pande zote, kwa maana kitenge kilikuwa kinakuja na mtoto analia, na nyuma ya mtoto, au mbele yake, ilitegemea unahesabu kutoka wapi, kulikuwa na mwanamume kafumba macho. Wanawake wakaanza kumwelekeza kama lori la mchanga.

"Njoo, njoo, njoo. Kata kushoto."

"Kushoto kwake au kwetu?"

"Kulia, baba, kulia. Utamkanyaga bibi harusi."

"Njoo, njoo. Simama. Simama!"

Alikuwa ameshakanyaga beseni. Akayumba. Mikono miwili ikamdaka Lubuto kwa nyuma, na kwa kuwa Lubuto alikuwa amefungwa kwa lile fundo la kuzaliwa nalo, ikamdaka na baba yake.

Kilio kikakatika. Kisha Lubuto akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtoto aliyekutana na mtu wake.

"Lubuto?" sauti ya mama mtu mzima ikauliza nyuma ya mgongo wa Makasa. "Mjukuu wangu unatoka wapi?"

Na kutoka upande wa mikeka, sauti anayoijua vizuri kuliko zote duniani: "Baba Lubuto. Usigeuke."

Jambo la pili likamrudia lote, kuanzia bustani mpaka kungwi. Aliviona vyungu vyake vimejipanga, kuku, bata, kambare. Na bado vilikuwa vyake. Alichotakiwa ni kusimama hivyohivyo, atoke alivyosimama, uso mbele, basi. Makasa akafumba macho zaidi. Akaapa kwamba hata bustani ishike moto, hageuki.

Fundo likafunguka.

Alisikia kitenge kinalegea kifuani na mgongo unakuwa mwepesi ghafla. Mtoto hayupo. Hapo hakukumbuka kuku wala bata. Aligeuka.

Mwanawe alikuwa salama mikononi mwa mama mmoja mnene, kichwa wazi, mvi zimetokeza, kwa sababu kilemba chake chote kilikuwa kwenye ngumi ya Lubuto. Mama yule alikuwa anamtazama Makasa usoni. Alifanana na Namukolo aliyekasirishwa miaka thelathini mfululizo.

Pembeni kulikuwa na gunia la unga. Makasa akaligeukia, akaanza kusoma. "Kilo ishirini na tano," alisema kwa sauti ndogo. "Hifadhi mahali pakavu."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alikuwa ameshajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Akasema na hewa:

"Muulizeni huyo msoma magunia, mtoto hakuondoka na uji?"

"Aliondoka nao, mama," Namukolo akajibu. "Baba Lubuto, uji uko wapi?"

"Nilionja."

"Na uliobaki?"

"Ulikuwa moto."

Sasa ndipo walipocheka. Dada wa mwiko alicheka hadi akauegemea mwiko. Bibi Chola, dada mkubwa wa mama mkwe, aliyekuwa mzee kuliko wote pale, akasubiri wamalize, kisha akainua mkono.

"Wameonana," alisema. "Macho si kama bidhaa mbovu, hayarudishwi. Njia ni mbili. Tusubiri miaka mingine miwili, halafu tuwatazame upya. Au tumwingize sasa hivi, hapahapa."

"Sasa hivi," Makasa aliliambia gunia, kabla bibi hajafunga mdomo. Alikuwa ameshaona, kwa pembe ya jicho, sinia tatu za kuku.

"Usitazame huko," Bibi Chola akasema. "Hizo za bibi harusi. Mkwe anaingizwa kwa chakula cha mkono wa mama mkwe, na leo dada yangu hajapika kitu. Labda uji atakaompikia mjukuu wake sasa hivi."

Mama mkwe akakoroga uji. Lubuto akala kwanza, akashiba, akacheua. Kilichobaki chini ya bakuli mama mkwe akakichota kwa kijiko cha plastiki chenye picha ya sungura, akakipeleka mdomoni mwa Makasa mbele ya wanawake wote.

"Hiki sasa ruhusa," akasema. "Kula."

Makasa akala. Vigelegele vikapigwa, ngoma zikarudi.

"Na ile Jumapili, bibi?" akanong'ona.

"Jumapili ipi?"

"Ya bata."

"Baba, umeshaingia. Unataka tukutoe nje ili uingie tena?"

Mama mkwe alikuwa anajifunga kilemba upya. Sasa alimsemesha moja kwa moja, bila kupitia hewa, kwa upole uliomtisha Makasa kuliko mwiko.

"Miaka miwili nikija Lusaka nalala kwa watu kwa sababu yako, mwanangu. Hayo yamekwisha. Jumapili nakuja kukaa kwenu. Mtoto anahitaji mtu wa kumwangalia."

Jumapili jioni Kabinga alifika na sufuria lake, kubwa, tupu, lililosuguliwa likang'aa. Alimkuta Makasa kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa anakoroga uji, jasho linamtiririka. Kwenye kiti, kile kimoja cha nyumba hiyo, alikuwa amekaa mama mkwe na Lubuto mapajani.

"Vyungu viko wapi?" Kabinga akanong'ona.

"Nyamaza."

"Mkwe," mama akaita, "lete hapa niuonje. Wewe kuonja kwako tunakujua."

Makasa akampelekea bakuli kwa mikono miwili. Mama akaonja, akafikiri.

"Moto kidogo."

Akapuliza, akaonja tena. Karanga zilikuwa zimesagwa vizuri. Akaonja. Lubuto alikuwa anafuata kijiko kwa macho, na Makasa alikuwa anakifuata pia, na kila kilipopanda wote wawili walifungua mdomo. Kikapanda, kikashuka, kikapanda, mpaka kikakwaruza chini.

"Sasa umepoa," mama mkwe alisema, akamrudishia bakuli. "Mpikie mtoto uji mwingine."