Nilivyomtoa Mkwe Rangi

Jumapili, 2 Machi

Jana wamekuja kumposa Joyceline wangu. Mahari imepokelewa, mbuzi wa ndafu ameliwa hadi masikio, harusi baada ya Pasaka. Leo ningekuwa na furaha tupu. Tatizo picha.

Tulikubaliana na mkwe wangu, Mama Gaudens, mama yake kijana, kwamba sisi kina mama tuvae kitenge cha kawaida tusishindane na mtoto. Mimi nikavunja makubaliano kidogo tu: nikashona satini ya rangi ya damu ya mzee. Yeye akayavunja yote. Lesi ya dhahabu, kilemba upana wa ungo. Ana duka la vitambaa hapa Kariakoo. Mimi nina meza ya nyuzi na zipu, kwenye baraza ya duka la mtu.

Kwenye picha tuko watatu. Yeye katikati anawaka, Joyceline kulia, mimi kushoto, mkono wa Mama Gaudens uko begani kwangu. Mimi nafanana na pazia lililosogezwa ili yeye aonekane.

Joyceline kaniuliza kama picha nzuri. Nikasema nzuri sana. Nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi. Miaka hamsini na mbili, naonea wivu kitambaa. Niliishia darasa la saba, lakini kutoona wivu walitufundisha tangu la kwanza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa Anuari, mpiga picha za pasipoti karibu na meza yangu. Ukutani kwake kuna picha ya bibi harusi, yote nyeusi na nyeupe, ua mkononi tu ndilo jekundu. Macho yanakwenda kwenye ua yenyewe. Nikapata akili.

Nikamwuliza anafanyaje. Akasema picha yote inaondolewa rangi kwanza, halafu unapitisha kama ufutio pale unapotaka, rangi ya chini inatokea. Nikamwambia basi apitishe kwa binti yangu na kwangu. Akauliza, na huyu mama wa katikati? Nikasema huyo mwache apumzike.

Aliniangalia. Akasema, "Mama Joyce, hii huwa kwa ua, au mdomo wa bibi harusi. Siyo kwa mtu na mkwe wake." Nikamwambia afanye kazi.

Ikatoka. Satini yangu inang'aa kama komamanga. Mama Gaudens kijivu kuanzia kilemba hadi viatu. Ila ule mkono wake wa kijivu uko begani kwangu, unanitia baridi kidogo. Nimeutazama mara mbili, nikauzoea.

Jumanne, 4 Machi

Natamani ardhi inifiche.

Asubuhi nimeituma kwenye grupu la familia zote mbili. Nikaandika: "Tunamshukuru Mungu kwa yote. Siku hii hatutaisahau." Nikaweka na mshumaa wa kwenye simu, maana ni mzuri, una mwanga.

Sikufikiri. Kwetu, picha ya mtu ikitumwa kwenye grupu bila rangi, ni msiba, hakuna anayeuliza. Unaandika pole, unatafuta kanga.

Shemeji Elisaria, kaka wa marehemu mume wangu, aliiona akiwa Moshi. Hakupiga simu. Alipanda basi, na wamama wawili wa kulia. Candida, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alipenyezewa habari, akaenda Ilala nyumbani kwa Mama Gaudens na wanawake kumi na moja. Hawakumkuta mtu, wakasema wenye nyumba wako hospitali na mwili. Wakafunga turubai.

Mama Gaudens alikuwa dukani kwake anapima kitambaa, simu iko chaji. Akarudi nyumbani kula, akakuta viti vimepangwa na watu wanamwimbia. Akauliza nani kafa. Candida akaanguka juu ya masufuria.

Nimepigiwa simu na watu ishirini. Wote nimewaambia mashine ya Anuari iliishiwa wino wa rangi katikati.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Kanisani foleni ya majivu ilikuwa ndefu, na aliyekuwa mbele yangu ni yeye. Padre akampaka. Akageuka, tukatazamana, paji lake la uso lina kijivu. Mtoto mmoja nyuma yetu akacheka, mama yake akamfinya. Mimi nilipofikiwa nilitamani padre anipake uso mzima.

Jioni Gaudens amekuja. Kijana mpole, alinisalimia shikamoo akitazama kapeti. Mama yake amesema hawezi kukaa meza moja na mtu aliyemzika angali anapumua. Na harusi isiyo na baraka ya mama yake yeye haifanyi. Joyceline hajagusa chakula. Hajanilaumu hata neno. Afadhali angenitukana.

Kumbe na Anuari wanamcheka. Wateja wanapita wanamwuliza kama leo wino upo. Ameshusha kibao chake cha picha za rangi na kukigeuzia ukutani, hasemi na mimi. Mwanaume hajanikosea lolote.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji Elisaria bado yuko kwangu, kwa kuwa amesema nauli ya msiba hairudi bila msiba. Leo baada ya uji akaniambia, "Shemeji, wino haukuisha." Nikasema haukuisha. Akasema basi tafuta isale.

Isale ni lile jani letu la Kilimanjaro. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, hakufukuzi. Nyumbani liko kila kihamba, kila shamba la ukoo, limepandwa mpakani. Kariakoo nimezunguka tangu Msimbazi hadi Gerezani. Wananionyesha mchicha. Wananionyesha maua ya plastiki.

Mwisho nimeliona mbele ya ofisi moja ya watu wa mizigo ya bandarini, ndani ya chungu, wamelifanya pambo. Nikanyoosha mkono. Mlinzi akanidaka. Nikaona sasa na wizi juu yake. Akaniuliza nataka la nini, kwa lafudhi ya Rombo kabisa. Nikamwambia. Akaangalia kushoto na kulia, akalichuma mwenyewe. Akasema, "Mama, umekosea sana au kidogo?" Nikasema sana. Akaongeza la pili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda dukani kwa Mama Gaudens. Nimesimama na majani yangu kama mtu wa Jumapili ya Matawi aliyekosea wiki. Akaniona. Akahudumia wateja watatu kwanza, mmoja alikuwa anauliza bei tu.

Kisha akayapokea, kwa mikono miwili. Akauliza, "Ni wino?"

Nikasema hapana. Nikasema lesi yako ilinimeza, Mama Gaudens. Niliona aibu kusimama pembeni yako siku ya mwanangu. Machozi yakanitoka mbele ya mabunda ya vitambaa.

Aliyalaza majani juu ya meza ya kupimia. Halafu akasema, "Unajua kwa nini niliivaa? Binti yako ana digrii. Mimi sikumaliza hata la nne. Niliogopa nyie mtaniona mshamba."

Tukatazamana, vikongwe wawili. Akasema harusi ipo. Akasema, "Shika mita huko mwisho," akanikatia lesi ileile, ili siku ya harusi tuvae sare, asionekane mmoja peke yake. Gaudens alikuwa pale dukani, akatupiga picha na majani yetu. Yeye na lesi mabegani, mimi na satini yangu na kilemba chake, maana nilivivaa tena nijipe moyo.

Nikapita kwa Anuari kumwomba radhi mbele ya watu wake. Akasema yamekwisha, ila mashine yake haijawahi kuishiwa wino, watu wasikie. Nikalirudia kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza namna ya kumheshimu Mama Gaudens hadharani. Jibu likaja lenyewe. Ile picha ya jana: yeye abaki na rangi zote, na majani yabaki kijani. Kijivu chote kije kwangu. Ndiyo haki.

Anuari aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Akaleta daftari, nikasaini kwamba rangi imeondolewa kwa ridhaa ya mteja.

Safari hii sikuweka mshumaa, nimejifunza. Nimeweka njiwa. Nikaandika: "Nimesamehewa. Sasa nina amani ya milele."

Haikupita nusu saa. Dada yangu Anaeli kapiga kutoka Moshi, analia, anataka aongee na mkubwa wa msiba. Nikamwambia ni mimi. Akalia zaidi. Shemeji Elisaria alikuwa amekata tiketi ya kurudi, akaichana kabla hajauliza niko wapi. Nilikuwa jikoni.

Halafu hodi. Candida na wanawake wake, na viti. Akanitazama mlangoni, akawaambia wenzake viwekeni chini, tutapumzika hapahapa. Nimewapikia chai huku nimeinamisha kichwa. Wameimba wimbo mmoja, maana walishaufanyia mazoezi.

Mama Gaudens kapiga mwisho. Anacheka hadi anakohoa. Akasema, "Mama Joyce, lakini mimi nimependeza."

Nimeiangalia tena ile picha. Kweli kapendeza. Ila mimi nimepotea kabisa, satini yote imekwenda bure. Jumatatu asubuhi nitampitia Anuari anirudishie rangi kwenye kilemba. Kilemba tu.